Kiti Kilichotangazwa Kuwa Wazi

Mfalme James wa Pili wa Uingereza alitoroka London usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 1688, na alipokuwa akivuka mto Thames akautupa majini Muhuri Mkuu wa dola, kwa imani kwamba bila muhuri huo hakuna atakayeweza kuitisha bunge kihalali. Watu wa pwani ya Kent wakamkamata, akarudishwa mjini. Mkwewe, William wa Orange, ambaye alikuwa ameshaingia nchini na jeshi kutoka Uholanzi, akaona heri walinzi walegee kidogo ili mzee apate upenyo wa pili. Akaupata, na safari hii akafika Ufaransa. Bunge lililokutana Januari 1689 halikuwa tena na vita ya kupigana. Mfalme hayupo, askari wake wametawanyika, anayetakiwa kushika nafasi yake yuko mjini anangoja. Kilichokosekana ni kitenzi.

Tarehe 28 Januari Bunge la Makabwela likapitisha azimio kwamba James ‘ameabdicate’, yaani ameacha ufalme mwenyewe, na kwa hiyo kiti cha enzi kiko wazi. Bunge la Malodi likakataa. Malodi walitaka neno ‘desert’, kutelekeza, na hawakutaka kabisa kusikia habari ya kiti kuwa wazi. Mabishano yakaendelea zaidi ya wiki, huku nchi haina mfalme. Msomaji asidhani walikuwa wakichezea maneno. Kwa mafundisho ya kale ya sheria ya Kiingereza kiti cha enzi hakikai wazi hata saa moja: mfalme akikata roho, mrithi wake amekwishakuwa mfalme pumzi ile ile. Ikiwa James ametelekeza tu, basi taji limemwangukia mrithi wake wa damu bila ya mtu yeyote kuulizwa. Ikiwa kiti ki wazi, basi kuna wenye haki ya kukijaza, na hao ni wabunge. Malodi walisalimu amri tarehe 6 Februari, na wiki moja baadaye William na mkewe Mary wakapewa taji.

Neno ambalo lingeeleza jambo lenyewe lilikuwepo. ‘Depose’, kumwuzulu mfalme, lilikuwa katika lugha kwa karne kadhaa, na Waingereza walikuwa wamekwishalitenda. Mwaka 1399 walipomwondoa Richard wa Pili, walisoma mbele ya bunge tamko lake la kujiuzulu, kisha, kana kwamba tamko hilo halikutosha, wakasoma mashtaka 33 dhidi yake na kumwuzulu pia. Mlango ulifungwa kwa komeo na kwa kufuli. Mwaka 1689 hakuna aliyetaka kufuli hilo. Ukimwuzulu mfalme, umekiri kwamba mfalme huuzuliwa, na William naye alikuwa mfalme mtarajiwa. Machi mwaka ule ule, huyo anayesemekana ameacha kazi kwa hiari yake alishuka bandari ya Kinsale, Ireland, akiwa na msaada wa Ufaransa, akaitisha bunge lake mjini Dublin, na akapigana mpaka aliposhindwa kando ya mto Boyne Julai 1690. Mtu aliyejiuzulu hafanyi hivyo.

Dai ninalotaka kulijenga katika sura hii ni kwamba, katika Kiingereza na Kihispania, maneno yenye nguvu kuliko yote ya kumtoa mtu madarakani au kwenye mali yake siyo yale ya kusukuma na kuangusha. Ni yale yanayosema kwamba hakuna aliyetolewa: kiti kilikuwa kitupu, shamba lilikuwa halina mwenyewe. Na maneno hayo husafiri kutoka sheria ya ardhi hadi ikulu, kisha hurudi mashambani, kila mara yakiacha nyuma mtu asiyeonekana, yule aliyefanya kitendo.

Kwamba madaraka na ardhi vinatumia msamiati mmoja si jambo la kushangaza ukikumbuka nani aliuleta. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mahakama zilizungumza Kifaransa kwa karne kadhaa, na maneno mengi ya Kiingereza ya kumnyima mtu alichonacho yametoka humo. ‘Oust’, ambalo leo magazeti hulitumia kwa rais au mkurugenzi aliyeng’olewa, lilikuwa neno la wanasheria wa ardhi: kumtoa mtu kwenye kiwanja anachokikalia. ‘Seize’, kukamata au kutwaa, ni ndugu wa ‘seisin’, ambalo ni umiliki wa mtu aliyeshika ardhi na kukaa juu yake. ‘Evict’, kumfukuza mpangaji, shina lake la Kilatini ni kushinda kabisa: aliyeshinda kesi ndiye anayebaki na nyumba. Kihispania kilirithi neno hilo hilo, ‘evicción’, lakini kwa wanasheria wake lina maana nyembamba zaidi, hali ya mnunuzi kupoteza alichonunua kwa sababu mahakama imeona kuna mwenye haki iliyotangulia ununuzi huo. Anayetafsiri mkataba wa nyumba na kuweka ‘evicción’ mahali pa ‘eviction’ atamchanganya kila mtu ofisini.

Neno halisi la Wahispania kwa mpangaji anayetolewa ni ‘desahuciar’, na hili lina uzito ambao Kiingereza hakina. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa mgonjwa ambaye madaktari wamemkatia tamaa. Asili yake ni kuondoa imani, kuondoa tumaini. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, maelfu ya familia za Hispania ziliposhindwa kulipa rehani za nyumba, jumuiya ya wadaiwa iliyoanzishwa Barcelona mwaka 2009 iliweza kusimama mlangoni pamoja na familia na kuuliza kwa neno moja tu: mnawatoa watu hawa nyumbani au mnawakatia tamaa? Ila ofisi za mahakama zina neno lao, kavu zaidi, kwa siku ile ambayo watu wa mahakama wanafika na fundi wa kufuli. Wanaiita ‘lanzamiento’. Kutupa. Hilo angalau halijifichi.

Maneno yasiyojificha yapo mengi, na ni haki kuyasema kabla ya kuendelea. Kihispania kina ‘derrocar’, ambalo zamani lilimaanisha kumsukuma mtu kutoka juu ya jabali. Kiingereza kina ‘overthrow’, kupindua, ambalo limetokana na maneno ya wenyeji wenyewe na halikupita mahakamani. Kuna ‘destronar’ na ‘dethrone’, kumtoa enzini, na kama kuna siku neno hilo lilitendwa kwa herufi zake zote ni tarehe 5 Juni 1465 nje ya kuta za Ávila. Makabaila waasi wa Castilla walijenga jukwaa, wakaweka juu yake sanamu ya mfalme Enrique wa Nne iliyovishwa nguo za msiba, wakasoma makosa yake, kisha askofu mkuu wa Toledo akaivua taji, wengine wakaipokonya upanga na fimbo ya enzi, na mwisho sanamu ikapigwa mateke mpaka chini. Mdogo wake wa kambo, mtoto wa miaka kama 11, akatawazwa papo hapo. Enrique mwenyewe hakuguswa, na alitawala hadi alipofariki mwaka 1474. Tendo zima lilikuwa la kweli kupita kiasi. Kila aliyetazama alijua nani amemwondoa nani, na aliyetaka kumtetea mfalme alijua pa kuanzia.

Sheria ya ardhi yenyewe, ikiwa changa, ilidai ukweli wa aina hiyo. Katika miaka ya 1160 Henry wa Pili wa Uingereza aliwapa wamiliki njia ya haraka ya kurudishiwa ardhi waliyonyang’anywa karibuni. Watu 12 wa eneo hilo waliitwa, nao waliulizwa swali moja: je, fulani amemtoa fulani kwenye ardhi yake bila haki na bila hukumu? Tazama sarufi ya swali hilo. Lina mtendaji, lina mtendwa, lina kitu kilichochukuliwa, na lina kipimo. Mkataba wa Magna Carta wa 1215 ulichukua kipimo hicho na kumfunga nacho mfalme: mtu huru asinyang’anywe ardhi yake ila kwa hukumu halali. Kila neno la uwazi, yaani la kudai kwamba kitu hakina mwenyewe, tutakalokutana nalo kuanzia hapa ni namna ya kulikwepa swali la wale watu 12. Ukisema kiti ki wazi, umeshamfuta mtendaji, na mtendwa umemfanya aliyejiondokea.

Peru imelipeleka jambo hili mbali kuliko nchi nyingine yoyote niijuayo. Katiba yake ya 1993, kifungu cha 113, inasema urais huwa wazi kwa sababu kadhaa: kifo, kujiuzulu kulikokubaliwa na bunge, kutoka nje ya nchi bila ruhusa, na nyingine inayoitwa ‘incapacidad moral permanente’, kutoweza kimaadili kwa kudumu. Maneno hayo ya mwisho ni mabaki ya katiba za karne ya 19, enzi ambayo ‘moral’ ilieleweka na wengi kuwa habari za akili, yaani rais aliyerukwa na akili. Novemba 2000 Alberto Fujimori alikimbilia Japani na kutuma barua ya kujiuzulu kwa faksi. Bunge likakataa kuipokea, likatangaza badala yake kwamba urais uko wazi kwa kutoweza kwake kimaadili. Novemba 2020 Martín Vizcarra, ambaye hakuwa amekimbia popote, aliondolewa kwa kura 105 kwa kifungu hicho hicho. Desemba 2022 Pedro Castillo alijaribu kulivunja bunge; siku ile ile bunge likatangaza kiti chake wazi kwa kura 101. Wanasiasa wa Lima wamezoea kusema rais ‘amevacate-iwa’, ‘vacado’, kitenzi kinachomaanisha kwamba kitu kimekuwa kitupu lakini sasa kinatendwa na watu kwa mtu mwingine aliye ofisini, anapumua, na anapinga.

Linganisha na ‘impeach’ ya Wamarekani, ambayo kwa masikio ya wengi ni kuondoa. Sivyo. Ni kushtaki tu. Andrew Johnson alishtakiwa mwaka 1868, Bill Clinton 1998, Donald Trump 2019 na tena 2021, na wote hawakuondolewa na Seneti. Kihispania hakina neno moja linalolingana nalo, hivyo nchi nyingi za Amerika ya Kusini husema ‘juicio político’, kesi ya kisiasa. Mshtakiwa ana mashtaka, ana muda wa kujibu, ana mahali pa kusimama. Kutangazwa wazi hakuna ulazima wa kosa: katika tangazo hilo rais haachi kazi kwa sababu ametenda jambo, bali kwa sababu ya alivyo.

Sasa turudi mashambani, kwa sababu huko ndiko neno hili lilikofanya madhara makubwa zaidi. Mexico ilikuwa na jina la ardhi isiyo na mwenyewe, ‘terrenos baldíos’. Sheria ya 1883 iliyaruhusu makampuni ya upimaji kuitafuta ardhi hiyo, na malipo yao yalikuwa theluthi moja ya kila walichopima. Mpimaji anayelipwa kwa ardhi tupu ataiona ardhi tupu kila anapoelekea. Vijiji vilivyolima pale kabla ya mtawala yeyote wa Kihispania, lakini visivyo na hati, vilijikuta kwenye ramani kama sehemu ya utupu. Hakuna aliyewafukuza, kwa mujibu wa karatasi. Hawakuwepo.

Waingereza walikuwa na jina lao, ‘waste and unoccupied land’, ardhi ya bure isiyokaliwa, na walilileta Afrika Mashariki. Mwaka 1899 wanasheria wa serikali ya London walitoa rai kwamba katika nchi lindwa isiyo na dola inayotambulika, ardhi ya namna hiyo ni ya Taji kuigawa. Sheria ya Ardhi za Taji ya 1902 ilijengwa juu ya rai hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 njaa na ndui vilikuwa vimeua na kuhamisha watu wengi katika nchi ya Wakikuyu, hasa upande wa kusini. Waliosalia walipoanza kurudi, sehemu ya mashamba yao walikuta yamepewa walowezi, kwani yalionekana hayana mtu. Na ardhi iliyopumzishwa ipate rutuba, au malisho ya msimu ya Wamasai, kwa macho ya mgawaji ilikuwa tupu vile vile. Sheria ya 1915 ikaifanya hata ardhi wanayoikalia Waafrika kuwa ya Taji, na mwaka 1921 mahakama ya Nairobi ikahitimisha kwamba Waafrika ni wapangaji wa Taji kwa muda ambao Taji litaridhia. Kutoka ‘hakuna mtu hapa’ hadi ‘watu wa hapa ni wapangaji’ ilipita miaka kama 20 tu.

Nchi ambayo ardhi na ikulu zilikutana katika kesi moja ni Guatemala. Tarehe 17 Juni 1952 serikali ya Jacobo Árbenz ilipitisha Amri ya 900, ambayo ilitwaa ardhi isiyolimwa ya mashamba makubwa na kuigawa kwa wakulima. Neno lake lilikuwa ‘expropiación’, utwaaji wenye fidia, na fidia ilikuwa hati za serikali zenye thamani ile ile ambayo mwenye shamba mwenyewe aliiandika alipokuwa akikadiriwa kodi. Mwenye shamba mkubwa kuliko wote alikuwa kampuni ya Kimarekani ya United Fruit, ambayo iliacha sehemu kubwa ya ardhi yake bila kulimwa na kuitangaza kwa bei ya chini. Kwa sehemu ya kwanza kubwa iliyotwaliwa, serikali ilitoa kiasi cha dola laki sita na ushee. Aprili 1954 serikali ya Marekani, kwa niaba ya kampuni, ikadai zaidi ya dola milioni 15. Ugomvi juu ya maana ya fidia ya haki ulikuwa umeanzia Mexico mwaka 1938, Rais Lázaro Cárdenas alipotwaa visima vya mafuta na Washington ikashikilia kwamba malipo lazima yawe ya haraka, ya kutosha na yenye kutumika. Bila hayo matatu, kwa mtazamo wao, utwaaji ni unyang’anyi tu.

Juni 1954 kikosi kidogo cha Carlos Castillo Armas, kilichopewa silaha na fedha na CIA, kilivuka mpaka kutoka Honduras. Kijeshi hakikuwa na uwezo wa kuishika Guatemala. Kilichoivunja serikali ni hofu ya maofisa wa jeshi la Guatemala kwamba nyuma yake iko Marekani yenyewe. Wakamgeuka Árbenz. Jioni ya tarehe 27 Juni akazungumza redioni na kusema anajiuzulu. Kwa hiyo, ukifuata karatasi, huyu hakupinduliwa: alijiuzulu. Serikali iliyotwaa ardhi kwa sheria, ikatangaza na bei, iliitwa ya wanyang’anyi. Operesheni iliyoiangusha kwa fedha za siri ilimalizika kwa neno la hiari. Septemba mwaka huo Árbenz alipokuwa akiondoka uhamishoni, maofisa wa uwanja wa ndege walimvua nguo mbele ya wapiga picha, eti wanamkagua. Kihispania kina ‘despojar’, kumvua mtu nguo, mali au cheo, lote kwa kitenzi kimoja, na pale uwanjani hakikuhitaji kufafanuliwa.

Atakuja mtu na kusema haya yote ni povu la juu ya maji. Mtawala huondolewa na bunduki au na kura, mwenye shamba huondolewa na polisi, na neno hufuata baadaye kama karani. Ingekuwa hivyo, Makabwela na Malodi wasingekaa zaidi ya wiki wakibishania ‘abdicate’ huku dola inangoja. Lakini kuna ushahidi wa karibu zaidi. Tarehe 28 Juni 2009 wanajeshi wa Honduras walimtoa Rais Manuel Zelaya nyumbani kwake akiwa amevaa nguo za kulalia, wakampeleka Costa Rica kwa ndege. Saa chache baadaye bunge lilisomewa barua ya kujiuzulu inayodaiwa kuwa yake. Aliikana siku ile ile. Waliochukua nafasi yake waliliita tukio hilo ‘sucesión constitucional’, urithi wa kikatiba. Sheria ya Marekani inaagiza misaada fulani ikatwe pale serikali iliyochaguliwa inapoangushwa kwa mapinduzi ya kijeshi, na kwa miezi kadhaa wasemaji wa Washington walizunguka pembeni ya maneno hayo. Misaada mingine ilisitishwa, lakini tamko rasmi kwamba ni mapinduzi ya kijeshi halikutolewa. Neno lililofuata kama karani lilikuwa limeshika ufunguo wa sanduku la fedha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Viti huwa wazi kweli. James alikimbia, Fujimori alikimbia, na hakuna anayeweza kuendesha nchi kwa kumngoja mtu aliye ng’ambo akituma faksi. Tena lugha ya uwazi ilisaidia mwaka 1689: iliwapa nafasi watu walioamini ufalme ni wa Mungu kuendelea kuutumikia bila kukiri kwamba wamemwasi mfalme, na pengine ilizuia damu zaidi ndani ya Uingereza kwenyewe, ingawa Ireland haikuponea hapo. Nakubali yote mawili. Ila kinachotenganisha kiti kilicho wazi na kiti kilichotangazwa wazi kinaweza kupimwa, na kipimo ni kile cha watu 12 wa Henry wa Pili: nani kamtoa nani, na kulikuwa na hukumu? Fujimori akipimwa hivyo, ameondoka mwenyewe, na bunge lingeweza kupokea barua yake na kumshtaki baadaye, kama alivyoshtakiwa. Vizcarra akipimwa hivyo, ameondolewa na watu 105 wanaojulikana kwa majina. Wakikuyu wa kusini waliorudi kutoka njaani wameondolewa na ofisi iliyogawa mashamba yao.

Tarehe 20 Oktoba 2011 Rais Álvaro Colom wa Guatemala aliomba radhi kwa familia ya Árbenz kwa niaba ya dola, kufuatia makubaliano yaliyofikiwa chini ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Serikali ilikiri kwamba mtu yule aliyeandikwa kuwa amejiuzulu aliondolewa, na kwamba familia yake ilidhulumiwa. Ardhi ambayo wakulima walipewa chini ya Amri ya 900 ilikuwa imerudi, sehemu yake kubwa, kwa wamiliki wa zamani tangu utawala wa Castillo Armas.